Udalali wa Nyumba ya Mwisho

Asheri Mbwambo alikuwa dalali wa nyumba mjini Same wakati wa Mwingereza, na nyumba alizopangisha zote zilikuwa za mtu mmoja, Mzee Iddi. Mzee huyu alikuwa mnyapara wa reli. Alipostaafu alijenga vyumba vya kupanga nyuma ya stesheni, safu kwa safu, na huko mwisho kabisa, panapoanza migunga ya porini, akajenga nyumba ya vyumba viwili yenye ua wake. Watu waliiita nyumba ya mwisho. Mgeni akishuka kwenye garimoshi na mzigo wake, macho yakimzunguka kwa kukosa mwenyeji, Asheri alikuwa tayari amemfikia, kofia mkononi, akimpa pole ya safari. Mapatano yake na Mzee Iddi yalikuwa mepesi: kila mpangaji aliyemleta, nusu ya kodi ya mwezi wa kwanza ni yake. Asipoleta mtu, hana chake.

Hakuwa mtu mbaya. Alishuka kutoka Myamba, milimani, na mkewe Esta na mtoto wao Naftali, mwaka ambao maharage yaliungua yote shambani, na mjini alikuta kwamba ulimi wake unalisha nyumba kuliko jembe. Lakini udalali humzoesha mtu kutazama mlango kabla ya kumtazama aliye ndani.

Katika nyumba ya mwisho alikaa mwanamke kijana aliyeitwa Koleta. Alitoroka kwao, juu ya Gonja, akamfuata mwanamume mgeni aliyefanya kazi kwenye garimoshi. Wakaishi vizuri kwa kitambo. Kisha mwanamume akahamishiwa njia ya Tabora, akasema atatuma nauli, na Koleta akabaki akiingoja. Kodi aliilipa kwa kuwafulia makarani nguo. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na Asheri alipopita kukusanya kodi alipenda kusimama kidogo wazungumze Chasu, lugha ya kwao Upare.

"Mama yangu ni Hedwiga," alimwambia siku moja, "yule anayeuza ndizi gulioni Gonja. Ukipita huko usimwambie umeniona. Nitakwenda mwenyewe, nikiwa na cha kumpelekea."

Masika yale homa ikamshika. Akafa asubuhi, peke yake, juu ya kitanda cha kamba kilichokuwa mali ya nyumba. Katekista Melkizedeki akakusanya waumini wachache, wakamzika alasiri ileile, maana hapakuwa na wa kungojwa.

Asheri hakwenda mazikoni. Stesheni palikuwa na karani mpya wa shamba la mkonge, amefika na mke na masanduku, anataka nyumba yenye ua na anaitaka leo. Dalali mwingine alikuwa amekwisha kuanza kumzunguka. Basi Asheri akamlipa mwanamke mmoja akampa ufagio na ndoo ya chokaa, na wakati watu wakimfukia Koleta, nyumba yake ilifagiwa mpaka pembeni, kuta zikapakwa, kitanda kikakazwa kamba. Karani akaingia kabla jua halijazama.

Esta alipopata habari aliweka chini sufuria ya makande.

"Baba Naftali, nyumba yenye msiba haifagiwi kabla matanga hayajaanuliwa. Hujui hilo?"

"Matanga ya nani, Mama Naftali? Nani amekaa?"

"Ungekaa wewe."

"Ningekaa, karani angechukuliwa na mwingine. Mimi silipwi kwa kukaa."

"Na kwao? Umepeleka habari?"

"Nitapeleka."

Alikusudia kweli. Lakini lori la Gonja liliondoka juma lile bila yeye, na juma lililofuata vilevile, hata aibu ya kuchelewa ikawa nzito kuliko habari yenyewe. Akaacha.

Karani hakumaliza mwezi wa pili. Alimfuata Asheri stesheni, uso umesinyaa kama wa mtu aliyekesha.

"Kuna mtu anafagia uani kwangu," alisema. "Kila alfajiri. Nikitoka simwoni."

"Jirani huyo, labda."

"Jirani gani asiyeacha nyayo? Ua umefagiwa, mistari ya ufagio imelala mchangani vizuri kabisa, kuanzia mlangoni mpaka kwenye boma la miiba. Nyayo hakuna. Hata za kuku."

Akahama. Asheri akamleta fundi cherehani na wanawe. Fundi naye akahama, na mkewe alipokuwa akifunga mizigo hakutaka kusema lolote ila kwamba mtu anayefagia analia huku akifagia, kilio cha chini, kama anayeogopa kuamsha watu. Akaja mtu wa Idara ya Misitu, mwanamume mkubwa mwenye bunduki ya serikali. Huyu aliondoka hata kikombe chake akakisahau dirishani.

Na kila aliyetoka alimfungulia mwingine mlango, na kila aliyeingia alimletea Asheri udalali wake. Vyumba vya kwenye safu vilikaliwa na watu waliotulia, mwaka mzima visimpe hata senti. Nyumba ya mwisho ndiyo iliyokuwa ng'ombe wake wa maziwa. Akanunua baiskeli. Akamnunulia Esta kitenge, ambacho Esta alikikunja akakiweka sandukuni bila kukivaa. Mwanzoni Asheri aliogopa kupita pale. Baadaye akajizoesha kutofikiri, na mgeni akimwuliza habari za nyumba alisema ni nyumba nzuri, ina hewa. Siku moja akajikuta anahesabu ni lini mpangaji wa sasa atachoka, akastuka mwenyewe, akatema mate.

Mzee Iddi hakuwa mjinga. Alimwita barazani kwake, akamsogezea kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, Asheri. Nataka kukuuliza neno, usikasirike. Wewe nakulipa kwa kuingiza watu, na kweli unaingiza. Je, ninamlipa nani ili wabaki?"

Asheri akatazama kofia yake. "Watu wa siku hizi hawatulii, mzee. Uhamisho."

"Nimefanya kazi ya reli tangu zama za Mjerumani, uhamisho naujua. Hauchagui nyumba moja. Mtaani wanasema mengi. Wengine wanasema wewe ndiye unayewatisha wapangaji ili ulipwe tena."

"Haki ya Mungu, mzee, sijafanya hivyo!"

"Sisemi umefanya. Nasema nimekuwekea njia ambayo mtu akiniharibia, anapata faida. Kosa la kwanza ni langu. Kuanzia leo nakupa mshahara. Kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, uje uchukue. Lakini sikiliza vizuri. Nitakaowaweka sasa nyumba ya mwisho wakihama, nawe umehama."

Asheri alishika njia ya nyumbani kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani akapewa wa mgongoni. Mshahara! Kule Myamba hapakuwa na mtu wa ukoo wake aliyepata kupokea mshahara, isipokuwa mwalimu mmoja. Lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Koleta afe, aliiogopa nyumba ile kwa ajili yake mwenyewe.

Waliopangishwa walikuwa Daudi na mkewe Susana, watu wa Ugweno. Daudi alifanya kazi ya mifugo ya serikali, na siku nyingi alikuwa huko nyikani kwenye minada, akirudi na vumbi la ng'ombe mpaka kwenye kope. Susana alikuwa mjamzito, mwanamke wa maneno machache. Aliizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa kidole, akamgeukia dalali.

"Baba Naftali, waliotutangulia walihama kwa nini?"

"Kazi zao, mama. Uhamisho tu."

Susana alimtazama kidogo, kisha akaingiza mizigo.

Asheri akatafuta dawa ya mambo, na dawa aliyoipata aliiona ya akili sana. Alfajiri ya kesho yake aliamka kabla ya Esta, akachukua ufagio wa vijiti, akaenda nyumba ya mwisho akafagia ua mwenyewe. Susana alipofungua mlango alimkuta ameinama, jasho linamtoka.

"Mzee Iddi ananilipa mshahara sasa," akaeleza. "Usafi ni kazi yangu. Ukisikia ufagio alfajiri usishtuke, ni mimi."

"Asante, baba," akasema Susana.

Basi akafanya hivyo kila siku. Na wale wawili wakatulia, mwezi ukapita, akapokea mshahara wake wa kwanza mkononi mwa Mzee Iddi, ambaye alicheka akampiga bega. Asheri akaanza kuamini kwamba huenda hapakuwa na kitu pale tangu zamani, ila upepo na maneno ya watu.

Hata asubuhi moja, anafagia mbele ya mlango, akasikia ufagio mwingine nyuma ya nyumba.

Alisimama. Nao ukasimama. Akapitisha wake mara moja mchangani, na kule nyuma ukapita mara moja. Akajiambia ni mwangwi wa ukuta. Akamaliza kazi haraka akaondoka bila kuzunguka nyumba, na alipofika barabarani aligundua ameubeba ufagio begani, hata umemkwaruza shavu.

Toka siku hiyo aliusikia kila alipokwenda. Haukuwa na haraka. Siku nyingine ulikuwa nyuma, siku nyingine ubavuni penye kuni, na kila siku ulikuwa karibu kidogo kuliko jana. Angeacha kwenda, lakini asipokwenda yeye Susana angesikia ufagio usio na mtu, na mshahara ungekwisha. Akaenda. Akakonda. Naftali alimwuliza mbona anaongea usingizini, akamkemea mtoto bila sababu.

Asubuhi moja ya kiangazi Susana alimletea uji uani, akaketi kwenye kigogo na tumbo lake kubwa.

"Yule mama anayekusaidia kufagia," akasema, "ni nani?"

Asheri alishusha kikombe. "Mama yupi?"

"Yule mwembamba, anayesema Chasu cha huko kusini. Jana Daudi alikuwa mnadani, nikaota jua mlangoni, akapita. Nikamsalimu. Akaniuliza watu wamekaa wapi."

"Watu gani?"

"Ndivyo nilivyomwuliza nami. Akasema, watu wa msiba. Akasema anazunguka anafagia mahali pa kuwakalisha lakini haoni mtu anayekuja. Nikadhani amefiwa, maskini, akili imemruka. Nikampa pole." Susana akapuliza uji wake. "Ni mpole. Alisema kitanda ninacholalia ni chake, ila nisihangaike. Atangoja."

"Atangoja nini?"

"Sikumwuliza."

Jua lilikuwa limekwisha toka, kuku wanachakura, garimoshi la mizigo linapiga honi stesheni. Asheri aliliona tumbo la Susana na mikono yake miwili iliyolishika. Akafikiri juu ya mshahara, kweli aliufikiri, na lile wazo lilipopita alisikia ufagio ukipita nyuma ya ukuta. Safari hii Susana naye aligeuza kichwa.

"Si ndiye huyo?" akasema. "Mbona wewe uko hapa?"

Hapo Asheri akamwambia. Alimwambia yote akiwa amechuchumaa, macho yake chini: Koleta na homa yake, mazishi ambayo hakwenda, chokaa, karani, fundi, mtu wa Misitu. Susana hakupiga kelele. Uji ulimwagika kidogo kwenye kanga yake naye hakuufuta.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza," alisema baadaye, "ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi nikiwa hivi."

Susana alijiinua kwa kushika ukuta, akaingia ndani akachukua nguo zake na Biblia, akatoka bila kufunga mlango. Alikwenda kwa Esta, kwa kuwa hakujua mwanamke mwingine mjini, na Esta alimpokea, akamlaza, akampikia, asimseme Asheri mbele yake hata kwa neno moja.

Daudi aliporudi alimtafuta Asheri kwa fimbo ya ng'ombe. Watu wakawaamulia. Kisha akaenda kwa Mzee Iddi akatupa ufunguo barazani. Jioni Asheri alikwenda mwenyewe bila kuitwa.

"Wamehama," alisema.

"Nimeona," alijibu Mzee Iddi. "Tulipatana."

"Tulipatana, mzee. Sikuja kuombea mshahara. Nimekuja kuomba usimweke mtu humo mpaka nirudi kutoka Gonja."

Ukweli Mzee Iddi sasa aliujua, Daudi alikuwa amemwambia. "Ningekupa mshahara tangu mwanzo," alisema polepole, "siku ile ungekwenda mazikoni?"

"Sijui, mzee. Nimejiuliza hilo sana. Sijui."

Lori la Gonja lilipita njia ya Kisiwani, milima mkono wa kulia, mawingu yamekaa juu yake kama kawaida. Asheri alimkuta Hedwiga gulioni, ameketi nyuma ya mafungu ya ndizi, mwanamke mrefu mwenye macho ya Koleta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua ndizi."

"Natoka Same, mama. Nimeleta habari ya Koleta."

Mwanamke yule alisimama, ndizi zikabingirika. Uso ulimjaa furaha kiasi kwamba Asheri alitamani ardhi immeze. "Mzima? Amekutuma? Nilijua! Nilisema mimi, huyu atatuma mtu!"

Wauza ndizi wenzake waligeuka. Asheri akawa hana budi kusema pale pale, kati ya watu, kwamba Koleta alikufa masika ya mwaka juzi. Furaha haikuondoka mara moja. Ilibaki usoni kwa kitambo kama mtu ambaye hajaambiwa atoke.

"Mwaka juzi," akasema Hedwiga.

"Ndiyo, mama."

"Wewe ni nani kwake? Mumewe?"

"Hapana, mama. Dalali."

"Dalali wa nini?"

"Wa nyumba aliyokuwa akikaa."

Hedwiga hakulia pale. Alikusanya ndizi zake moja moja akazitia kapuni, akamwomba jirani amtazamie, akapanda mlima kuwaita ndugu. Kesho yake walishuka naye Same, wajomba wawili na shangazi.

Jambo la kwanza walilotaka ni kaburi. Asheri aliwapeleka makaburini, na alipofika alisimama kwa sababu hakujua aende wapi. Melkizedeki alikuwa amehamishiwa parokia ya juu. Waumini waliomzika walikumbuka upande tu, karibu na mgunga uliopasuka, lakini mvua za miaka miwili zilikuwa zimeshusha matuta, na misalaba ya miti ilikuwa imeliwa na mchwa. Palikuwa na matuta kadhaa mahali pale, yote sawa.

"Uliniambia ulikuwepo mjini," akasema Hedwiga.

"Nilikuwepo, mama. Mazikoni sikufika."

Mama akapita kati ya matuta, akiliinamia hili, akiligusa lile. Mwishowe akaketi kando ya moja lililokuwa dogo. "Nitamlilia huyu," akasema. Akamlilia, na shangazi akamwitikia, sauti zao zikaenda mpaka stesheni.

Matanga yalikaliwa nyumba ya mwisho. Esta alitandika mikeka, Susana akaja na tumbo lake akamenya viazi, na hata Daudi alikaa na wanaume siku ya pili, mbali kidogo na Asheri. Mzee Iddi alileta mchele na kuni akakaa ubavuni na tasbihi yake. Ufagio haukuguswa. Majani ya migunga yakaanguka uani, maganda yakalundikana, majivu yakapeperuka, na kila alfajiri Asheri aliamka kwenye mkeka akasikiliza. Palikuwa kimya. Asubuhi ya kuanua alitoka wa kwanza, akakuta uchafu wote umelala palepale ulipokuwa jana, na nyayo za watu waliokuja msibani zimejaa kila mahali. Akaketi kizingitini akalia, kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo Mzee Iddi alimwita tena. Alisema yuko tayari kusahau, na kwamba Asheri achague mwenyewe, mshahara au udalali kama zamani. Asheri alimshukuru akakataa vyote viwili. Mvua za vuli zilipokaribia akauza baiskeli, akapanda na Esta na Naftali kurudi Myamba, akalima shamba la baba yake. Susana alijifungua salama huko Ugweno. Nyumba ya mwisho ilipangwa na askari polisi aliyekaa miaka mingi bila kulalamika.

Lakini Hedwiga, siku ya kuondoka, alikuwa amemwambia neno. "Sikulaani wala sikusamehe. Kila mwaka masika yakiisha, uje kwangu unieleze alivyokuwa akicheka. Wewe ndiye uliyemwona mwisho."

Asheri alikwenda. Alitembea toka Myamba kila mwaka, akaketi kwenye kigoda jikoni kwake, akaeleza yale machache aliyoyakumbuka, na alipoishiwa aliyaeleza tena. Hedwiga alimpikia, akamjazia sahani, akamsikiliza mpaka mwisho. Jina la Asheri alilijua vizuri, lakini hakulitamka hata mara moja. Akimwona anapanda kwenye migomba, alifungua mlango akasema, "Karibu, dalali," naye Asheri akavua kofia, akaitikia.